Kijana na Nguo Zake: Nini Humvuta, Nini Humkatisha Tamaa?

Ukitaka kujua pesa za kijana wako zinakwenda wapi, fungua kabati lake la nguo. Humo utaona anataka kufanana na nani na anaogopa kuchekwa na nani. Utakuta blauzi iliyovaliwa mara mbili ikachuja rangi, suruali ambayo zipu imekufa ndani ya mwezi mmoja, na labda gauni zuri alilonunuliwa na shangazi yake ambalo hajalitia mwilini hata siku moja.

Siku hizi yanasemwa mengi juu ya "mavazi endelevu". Vijana wetu wanayasikia shuleni, redioni na kwenye simu zao. Ukiwauliza kama ni vizuri kununua nguo inayodumu na isiyoharibu mazingira, wengi watakujibu kwamba ndiyo, ni vizuri sana. Lakini wakifika sokoni, mkono hunyooka kuchukua kitu kingine kabisa. Kwa nini iwe hivyo? Ni swali linalofaa kutafakariwa na kila mzazi na mlezi. Asiyejua kinachomvuta kijana na kinachomrudisha nyuma atabaki kugomba tu, na kugomba hakujawahi kubadili kabati la mtu.

MAVAZI ENDELEVU NI NINI?

Jina ni geni, lakini jambo lenyewe si geni. Fikiria maisha ya khanga. Ikiwa mpya ni ya kutokea, ya msibani na ya harusini. Ikichakaa kidogo huwa ya kujifunga nyumbani. Halafu huwa mbeleko, baadaye nepi, na mwisho tambara la kushikia sufuria jikoni. Mpaka inatupwa, imetumika miaka mingi na hakuna kipande kilichopotea bure.

Hayo ndiyo mavazi endelevu. Ni nguo iliyotengenezwa bila kumnyonya mfanyakazi, bila kuharibu maji na ardhi kuliko inavyolazimu, na ambayo mwenyewe anaivaa kwa muda mrefu, anaishona inapofumuka, na kuirithisha au kuigeuza kuwa kitu kingine. Nguo ya mtumba iliyochaguliwa vizuri inaweza kuwa hivyo. Gauni la kitenge lililoshonwa na fundi wa mtaani linaweza kuwa hivyo. Hata nguo ya dukani inaweza kuwa hivyo ikiwa ni imara na inavaliwa.

Kinyume chake ni nguo zinazotengenezwa haraka haraka kufuata mtindo wa wiki hii, zikauzwa kwa bei ya chini, zikavaliwa mara chache na kutupwa. Sasa zimejaa Kariakoo na Gikomba, na nyingine huagizwa kwa simu kutoka ng'ambo na kufika mlangoni.

BEI NDOGO HULIPWA NA NANI?

Wahenga walisema rahisi huwa ghali. Mara nyingi anayelipa ni mtu mwingine asiyeonekana.

Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, nchini Bangladesh, jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza liliporomoka. Ndani yake mlikuwa na viwanda vya kushona nguo za kuuzwa Ulaya na Amerika. Siku iliyotangulia nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani, na benki iliyokuwa humo ilifunga kazi. Washonaji waliamriwa kurudi kwenye cherehani zao. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, wengi wao wanawake vijana, na wengine zaidi ya 2,000 waliumia. Mabinti wale walikuwa rika moja na mabinti wetu.

Maji nayo hulipa. Inakadiriwa kwamba kutengeneza fulana moja ya pamba huhitaji maji lita 2,700 hivi, tangu shambani hadi kiwandani. Mtu anayekunywa lita tatu kwa siku angeyanywa kwa karibu miaka miwili na nusu. Huko Asia ya Kati, Bahari ya Aral ilianza kukauka miaka ya 1960 baada ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kuelekezwa kwenye mashamba, hasa ya pamba. Leo meli za uvuvi zimelala kwenye mchanga mkavu.

Tusidhani kwamba poliesta ndiyo mwokozi. Poliesta ni aina ya plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, na sasa ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani. Kila tunapoifua hutoa nyuzi ndogo mno zinazokwenda na maji machafu mpaka mitoni na baharini. Tunapoitupa haiozi kama pamba.

KUJUA SI KUTENDA

Sisi wauguzi hufundishwa jambo moja mapema sana tukiwa chuoni: kujua ni kitu kimoja, na kutenda ni kingine. Mama anajua kwamba chandarua huzuia malaria, lakini joto likizidi usiku anakikunja. Kijana anajua kwamba sigara huharibu mapafu, naye huvuta. Kwa hiyo katika elimu ya afya hatuishii kuuliza kama mtu anajua. Tunauliza pia ni kitu gani kinamzuia.

Mwaka 1991 mtaalamu wa saikolojia Icek Ajzen alieleza kwamba nia ya mtu kutenda jambo hutokana na mambo matatu. Kwanza, yeye mwenyewe analionaje jambo hilo, ni zuri au baya? Pili, watu anaowajali watasemaje? Tatu, anajiona ana uwezo wa kulifanya, yaani ana pesa, muda na nafasi? Mawazo hayo yametumika mara nyingi kuchunguza ununuzi wa nguo miongoni mwa vijana katika nchi mbalimbali, na jambo moja hujitokeza tena na tena: vijana husema wanajali, kisha hununua tofauti na walivyosema.

Tukiyaangalia maswali hayo matatu vizuri, tutaona kwamba kijana wetu si mwongo wala si mkaidi. Swali la kwanza amelijibu vizuri. Anakwama kwenye la pili na la tatu.

YANAYOMRUDISHA NYUMA

Bei. Hili ndilo la kwanza. Mwanafunzi wa chuo anayesubiri fedha za mkopo, au binti anayeuza duka la mtu kwa mshahara mdogo, hawezi kutoa elfu hamsini kwa mara moja. Elfu kumi anayo leo. Anajua kwamba nguo ya elfu kumi haitadumu, lakini elfu hamsini hana. Tusimlaumu kijana kwa hesabu ambayo hata watu wazima wanaifanya kila siku wanaponunua mafuta ya kupikia ya kupima badala ya dumu zima.

Macho ya wenzake. Zamani mtu aliweza kuvaa gauni moja kwenye harusi tatu, kwa kuwa waliomwona kwenye ile ya kwanza hawakuwa wale wa ya pili. Sasa kila sherehe ina picha, na kila picha huenda kwenye simu za watu mia. Binti akirudia nguo anasikia, "Mwenzetu huna nyingine?" Neno hilo linauma kuliko tunavyodhani. Katika umri wa miaka kumi na sita au ishirini, kutengwa na wenzako ni adhabu kubwa. Isitoshe, watoto wanaona desturi zetu za jumla: kila harusi ina sare yake, kila mkesha wa kumfunda bibi harusi una kitambaa chake, na baada ya siku ile kitambaa hukunjwa na kuwekwa chini ya sanduku. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Usumbufu. Nguo ya dukani unaijaribu, unalipa, unaondoka. Kwa fundi kuna safari ya kununua kitambaa, safari ya kupimwa, na safari tatu za kuambiwa "njoo kesho". Mwishowe gauni linatoka halifanani na picha uliyompelekea. Mtumba nao unahitaji uamke alfajiri siku ya kufunguliwa belo, upekue, ubishane bei, na bado unaweza kukosa saizi yako. Vijana wanene au warefu sana hukata tamaa upesi.

Kutoamini. Vijana wa leo si wajinga. Wanaona kampuni kubwa za ng'ambo zikiandika kwenye lebo kwamba nguo ni "rafiki wa mazingira" bila kueleza imeshonwa na nani wala kwa ujira gani. Wanaona nguo hiyo hiyo imepandishwa bei. Wengine huamua kwamba maneno yote hayo ni ujanja wa biashara, hawasikii tena hata lililo la kweli.

Sura ya nguo yenyewe. Tukubali kwamba tukitaja nguo ya kudumu, vijana wengi huona akilini gauni pana la bibi, la rangi ya udongo. Hakuna kijana atakayevaa wema tupu usio na uzuri. Anataka kupendeza, na hilo si dhambi.

YANAYOMVUTA

Habari njema ni kwamba vipo pia vitu vinavyomvuta kijana kuelekea nguo nzuri zaidi, na vingi havihusu mazingira hata kidogo.

Cha kwanza ni upekee. Koti la mtumba alilolipata Karume au Gikomba hakuna mwingine mtaani anayelo. Nguo ya dukani imeletwa mia moja, na Jumapili atakutana na dada wawili wameivaa. Vivyo hivyo gauni alilolichora mwenyewe likashonwa na fundi. Kijana anayependa kuonekana wa pekee ni rahisi sana kumvuta upande huu.

Cha pili ni kuchuma. Vijana wengi wa kike na wa kiume wamejiajiri kwa kuchagua mitumba mizuri, kuifua, kuipiga pasi, kuipiga picha na kuiuza kwa simu. Wengine hununua suruali kubwa za jinzi wakashona mikoba na makoti. Kijana akishajua kwamba zipu, vifungo na kitambaa vina thamani, hatupi tena ovyo.

Cha tatu ni fahari ya kwao. Tangu mwaka 2008 mbunifu Mustafa Hassanali alipoanzisha Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam, vijana wameona vitenge, khanga, batiki na kikoi vikivaliwa jukwaani kwa mitindo ya kisasa. Kitenge si nguo ya mama tu tena. Kimekuwa koti, sketi fupi, hata viatu.

Cha nne ni kugusa moyo. Takwimu za maji huingia sikio hili na kutokea lile, lakini habari ya msichana wa Savar aliyeona ufa ukutani na bado akaambiwa aingie kazini haisahauliki. Watu hubadilika kwa ajili ya watu.

Cha tano, na pengine chenye nguvu kuliko vyote, ni mtu anayemheshimu. Kijana akimwona mwalimu wake, dada yake mkubwa au kiongozi wa kwaya amependeza katika nguo aliyoivaa mwaka jana na mwaka juzi, aibu ya kurudia nguo hupungua yenyewe.

MITUMBA: NI DAWA AU NI UGONJWA?

Hatuwezi kuzungumza juu ya nguo za vijana bila kutaja mitumba. Wakubwa wanakumbuka ilipoitwa "kafa Ulaya", na watu waliinunua kwa kujificha. Biashara ilipolegezwa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, mitumba iliingia kwa wingi, na leo inawavisha watu wa kila hali na kuwapa riziki maelfu ya wauzaji, wapiga pasi, mafundi na wabeba mizigo.

Hata hivyo wapo wanaosema kwamba mitumba imeua viwanda vyetu. Mikoa ya Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita inalima pamba nzuri, lakini sehemu kubwa husafirishwa nje bila kufumwa. Kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na vingine kama Mwatex cha Mwanza, vilipata kuajiri watu wengi kabla ya kudhoofika. Sababu zilikuwa nyingi, mitambo mikongwe, umeme, uendeshaji na ushindani wa nguo mpya za nje pia, wala si mitumba peke yake.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika ya Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole. Marekani ilipinga, ikasema nchi hizo zingeweza kupoteza nafasi ya kuuza bidhaa huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia kodi yake, iliyopandishwa mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kunufaika na mpango huo. Kenya ilizuia mitumba kwa miezi kadhaa mwaka 2020 kwa hofu ya Korona. Mwaka 2023 Rais Museveni wa Uganda naye alitangaza nia ya kuipiga marufuku. Kwa hiyo kijana anayenunua fulana ya mtumba anagusa jambo ambalo hata marais wamebishana.

Kwa mtazamo wa mazingira, nguo ya mtumba inayovaliwa miaka mitatu zaidi ni bora kuliko nguo mpya inayotengenezwa leo. Tatizo ni kwamba ubora wa belo unategemea kinachovaliwa huko inakotoka. Wao wakinunua nguo dhaifu, sisi tutaletewa nguo dhaifu. Katika soko kubwa la Kantamanto mjini Accra, Ghana, ambalo sehemu yake kubwa iliteketea kwa moto mwanzoni mwa Januari 2025, wauzaji walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba nguo nyingi wanazoletewa hazifai kuuzwa, na mabaki yake yameonekana yakizagaa hadi ufukoni mwa bahari. Hapa kwetu angalia tu kingo za Mto Nairobi karibu na Gikomba. Basi mtumba ni mzuri kwa anayeuchagua. Kwa anayenunua kumi ili avae mbili, ni takataka iliyochelewa kidogo.

AFYA YA NGUO

Kama muuguzi siwezi kuacha kutaja machache ya afya, maana yanahusu nguo mpya na za mitumba pia.

Nguo yoyote, hata mpya kutoka dukani, ifuliwe kabla ya kuvaliwa. Viwandani huwekwa dawa za kuzuia mikunjo na rangi ambazo huwasha ngozi ya watu wengine. Marobota ya mitumba nayo hunukia dawa.

Nguo ya mtumba ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni ikiwa kitambaa kinastahimili, ianikwe juani na kupigwa pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Vidudu vya upele vinaweza kuishi siku mbili hadi tatu nje ya mwili wa mtu, na nguo za sokoni hujaribiwa na wengi. Nguo isiyostahimili moto ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki moja kabla ya kufuliwa. Pasi pia huua mayai ya aina ya nzi ambaye hutaga kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje. Mayai hayo yakianguliwa, funza huingia ngozini na kufanya kitu kama jipu.

Nguo za ndani za mitumba usimnunulie mtoto wako kamwe. Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku, na kwa sababu nzuri. Nunua mpya, tena za pamba. Poliesta inayobana katika joto letu huweka jasho mahali pamoja, na wasichana wengi wanaokuja kliniki na miwasho wangepata nafuu kwa kubadili hilo tu.

MFUNDISHE HESABU YA KUVAA

Kijana akikuambia kwamba nguo ya kudumu ni ghali, usibishane naye. Chukua kalamu na karatasi, mkae pamoja.

Tuseme blauzi ni shilingi 12,000, na baada ya kuvaliwa mara 6 imechuja na kunyooka. Kila alipoivaa alitumia shilingi 2,000. Tuseme gauni la kitenge, kitambaa na ufundi, ni shilingi 48,000, naye akalivaa mara moja kwa wiki karibu miaka miwili, yaani mara 96. Kila alipolivaa alitumia shilingi 500. Ipi ni ghali?

Halafu mwulize: anayenunua blauzi ya namna ile kila mwezi anatumia kiasi gani kwa mwaka? Ni shilingi 144,000. Hizo ni magauni matatu ya kitenge ambayo mwaka ujao bado yatakuwapo.

Hesabu hii haiondoi tatizo la kukosa elfu arobaini na nane kwa mara moja. Hapo ndipo mzazi anapoweza kusaidia. Badala ya kumpa kijana elfu kumi kumi za nguo, mfungulieni kibubu. Au anunue kitambaa mwezi huu, na ufundi alipe mwezi ujao. Asikope kwa ajili ya nguo, maana nguo ya kuazima haisitiri matako.

TUNAWEZA KUFANYA NINI?

Yapo mambo madogo ambayo familia yoyote inaweza kuanza nayo.

1. Mfundishe kupima kitambaa. Avute mshono kwa vidole, ukifunguka aache. Ageuze nguo aangalie kama ina upindo wa kutosha kupanuliwa. Asugue kitambaa cheupe chenye maji upande wa ndani aone kama rangi inachuja. Nyumbani, achomoe uzi mmoja mdogo auchome kwa uangalifu: pamba huungua ikinuka kama karatasi na kuacha majivu laini, na poliesta huyeyuka ikaganda kuwa kidonge kigumu.

2. Mfundishe sindano, wa kike na wa kiume. Kushona kifungo, kupandisha upindo na kuziba mfumuko ni kazi ya robo saa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Mtafutieni fundi mmoja mwaminifu, mshikamane naye. Kijana ampelekee nguo inayomkaa vizuri kama kipimo, pamoja na picha. Mkubaliane siku ya kuchukua, na sehemu ya malipo ibaki mpaka kazi iishe. Fundi mwenye wateja wa kudumu hana sababu ya kusema "njoo kesho".

4. Ondoeni aibu ya kurudia nguo. Usimsifu binti kwa sababu nguo ni mpya. Msifu kwa jinsi alivyoipanga, alivyoinyoosha, alivyoifunga na kilemba tofauti. Mwanakwaya asiye na uwezo asilazimishwe kununua sare ya siku moja. Kila mmoja avae sketi nyeusi aliyo nayo, na kitambaa kimoja cha kitenge shingoni kitoshe kuwaunganisha.

5. Fanyeni siku ya kubadilishana nguo. Vijana walete nguo safi wasizozivaa, kila mmoja aondoke na idadi ile aliyoleta. Hawatumii senti, wanapata upekee wanaoupenda, na hakuna anayeonekana ombaomba kwa kuwa wote wameleta.

6. Nguo iliyokwisha kabisa isichomwe uani. Poliesta ikiungua hutoa moshi mbaya kwa vifua vya watoto. Kata matambara, jaza mito, wape mafundi wanaoshona mazulia ya vipande. Jijini Nairobi shirika liitwalo Africa Collect Textiles hukusanya nguo chakavu ili zitumike tena.

Hayati Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alipotembelea Japani mwaka 2005 alilipenda sana neno la Kijapani "mottainai", akalitangaza duniani. Ni neno la masikitiko mtu anapoona kitu chenye thamani kinapotezwa bure. Bibi zetu hawakulijua neno hilo, lakini walipoona mtoto anatupa kipande cha khanga walisema kwa uchungu, "Unatupa mali!" Maana ni ile ile.

Akina mama wenzangu, tusiwadai vijana wetu waokoe dunia kwa fulana moja. Mzigo huo ni wa serikali na wenye viwanda pia. Tuwaombe jambo lililo ndani ya uwezo wao: wanunue chache, wachague kwa macho yaliyofunguka, wazitunze, wazivae bila kuona haya. Nasi tuwarahisishie kwa pesa iliyopangwa, kwa sindano na uzi ndani ya droo, na kwa ulimi usiocheka aliyerudia gauni lake.